CFAP, PPP au EIDL: mkulima mdogo aanze kugonga mlango upi?

Haya niliyaandika katikati ya Aprili 2021, na milango yote mitatu imeshafungwa tangu hapo, kwa hiyo yasome kama ya wakati ule. Kila wiki napokea simu ya swali lile lile, mama analima mchicha na biringanya kwenye kiwanja cha kukodi hapa Marekani, kaka ana mbuzi 40 nje ya mji, mzee kaanza na ng'ombe wachache, wote wamesikia serikali inatoa hela ya korona kwa wakulima na wafugaji kwa milango mitatu, CFAP (msaada wa USDA, Wizara ya Kilimo), PPP (mkopo wa kupitia benki unaoweza kusamehewa) na EIDL (mkopo wa SBA, idara ya serikali ya biashara ndogo), na kila mmoja ameshika kipande chake cha habari, huyu kaambiwa ni bure, yule kaambiwa ni mkopo, mwingine kaambiwa ukichukua moja zile nyingine zinafungwa.

Hilo la mwisho nianze nalo maana limewanyima watu wengi: sio kweli. Unaweza kupata zote tatu. Kinachokatazwa ni gharama ile ile moja kuilipia kwa PPP halafu uilipie tena kwa EIDL, basi. Ila najua maisha yetu, mtu anatoka shifti ya usiku, watoto wako nyumbani wanasoma kwa kompyuta, Kiingereza cha kuungaunga, huwezi kujaza fomu za milango mitatu ndani ya wiki moja, kwa hiyo swali la kweli ni uanze na upi.

Nimekaa na wazee wengi mwaka huu kuwatafsiria, na nilichojifunza ni kwamba watu wanachagua kwa kuangalia hela ipi kubwa wakati wangechagua kwa kuangalia karatasi zipi wanazo. Hizi hela zinapimwa kwa njia tofauti kabisa. CFAP inahesabu ulichofuga, ulicholima au ulichouza. PPP inahesabu ulichomwandikia IRS, yaani watu wa kodi. EIDL inaangalia kama utaweza kulipa. Mtu mmoja, shamba moja, anapata majibu matatu.

Nitakavyolinganisha

Kila mlango nitauuliza maswali yale yale. Hela hii inarudishwa au hairudishwi, na kama inarudishwa ina riba? (Kwa Waislamu kati yetu hili linatangulia yote na nalipa heshima yake.) Wanapima nini kujua upate kiasi gani? Unaenda wapi na karatasi gani? Nani anaingia na nani anaachwa nje? Na baada ya hela kuingia, nini kinakufuata, kodi, dhamana, ukaguzi?

CFAP, hela ya USDA

Hii ilitokana na yale ya Aprili 2020, viwanda vya nyama vilivyofungwa kwa sababu wafanyakazi wanaumwa, kile cha Smithfield kule Sioux Falls kilifungwa tarehe 12 mwezi ule, maziwa yakamwagwa, nguruwe wakakosa pa kwenda, shule na migahawa ikaacha kununua. Wengi wetu tulikuwa ndani ya viwanda hivyo hivyo tukikata nyama, na nyumbani tuna mbuzi ambao mnunuzi hapokei simu. Kwa hiyo usijione unaomba sadaka, hasara ilikuwa ya kwako pia.

Awamu ya kwanza ilifungwa Septemba 11, 2020, hiyo huwezi kuomba tena. Awamu ya pili, CFAP 2, ilifungwa Desemba 11, lakini imefunguliwa upya Aprili 5 mwaka huu kwa siku zisizopungua 60. Ndio maana naandika sasa hivi.

Inarudishwa? Hapana. Sio mkopo, haina riba, na hawakupangii cha kuinunulia.

Wanapima nini? Hapa nielezee vizuri maana ndipo watu wanapotea. Ng'ombe wa nyama ni dola 55 kwa kichwa, nguruwe dola 23, kondoo dola 27, na unataja idadi kubwa kuliko zote uliyokuwa nayo siku yoyote moja kati ya Aprili 16 na Agosti 31, 2020, wale wa kuzalisha hawahesabiwi. Kwa hiyo mzee mwenye ndama 30 wa kunenepesha anapata dola 1,650, lakini majike yake ya kuzaa na dume wake hawamo kwenye hesabu, na hili limewaudhi watu wengi ofisini, bora ulijue kabla. Mazao kama mahindi, soya na ngano yana hesabu yake ya eka, hayashuki chini ya dola 15 kwa eka.

Sasa mbuzi, mboga, matunda, asali, samaki wa kufuga, hivi ndivyo vyetu wengi, na hivi vinahesabiwa kwa mauzo ya mwaka 2019. Kama mauzo hayakufika dola 50,000 unapata asilimia 10.6 ya mauzo. Mama aliyeuza mboga za dola 18,000 anapata dola 1,908. Kaka aliyeuza mbuzi wa dola 9,000 anapata dola 954. Na kama umeanza kulima 2020 na 2019 hukuwa na mauzo, wanatumia mauzo yako ya 2020 mpaka siku unayoomba, hii watu wengi hawaambiwi wanaondoka tu wakidhani hawamo.

Angalizo moja, wanataka thamani ya kitu kibichi kama kilivyotoka shambani. Ukichinja na kukata na kufungasha, ile thamani iliyoongezeka usiihesabu, unaandika ya mbuzi mwenyewe. Achari na pilipili ya chupa vivyo hivyo. Na vitu ulivyonunua kwa mwenzio ukauza sokoni havimo.

Unaenda wapi? Ofisi ya FSA ya kaunti yako, ile ya USDA, nyingi bado zinafanya kazi kwa simu na miadi. Fomu kubwa inaitwa AD-3114, na kama hujawahi kuonana nao watakusajili kwanza, utajaza na nyingine za kipato na akaunti ya benki ya kuingizia hela. Unajitolea ushahidi mwenyewe kwa sahihi, risiti hawakuombi siku ile, lakini wanaweza kuziomba baadaye kwa hiyo zitunze. Mkalimani ni haki yako na ni bure. Kuna ofisi moja ilimrudisha mzee wangu mara mbili ikimwambia aje na mtu wa Kiingereza, tulipotaja neno mkalimani kwa upole tu wakapiga simu na mkalimani akapatikana, yaani kazi iliyoshindikana wiki tatu iliisha kwa dakika 40.

Nani anaingia? Hawajali kama ardhi ni yako, wanajali kama mazao ni yako na hasara ni yako. Raia na mwenye grini kadi wanaingia. Asiye na hivyo viwili bado ana njia kama kwenye kilimo hicho analeta ardhi (hata ya kukodi), mtaji, na kazi ya mikono yake mwenyewe, kwa hiyo mkimbizi ambaye grini kadi yake haijatoka asijifungie mlango, aulize. Wanaofuga kuku kwa mkataba wa kampuni bado wako nje, sheria ya Desemba 2020 imewataja lakini malipo yao hayajaanza. Nyasi za malisho hazimo isipokuwa alfalfa.

Baadaye? Ni kipato, inakatwa kodi, itakuja karatasi ya 1099-G mwakani. Weka kidogo pembeni.

Nitaje na hili kwa sababu linaniuma. Machi 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati ule, Tom Vilsack, alisema mwenyewe kwamba katika hela za korona walizogawiwa wakulima chini ya serikali iliyopita, wakulima weusi walipata asilimia 0.1 tu. Hela hizi zilifuata ukubwa wa shamba, mwenye vichwa vingi na eka nyingi ndiye aliyevuna, na aliyeijua ofisi ndiye aliyefika kwanza. Hatutabadilisha hesabu ya mwaka jana lakini hii ya sasa iko wazi na sisi tuna majina ya kuandika.

Walioingia kwenye CFAP 1 kwa ng'ombe, au CFAP 2 kwa mazao ya eka, kuna nyongeza iliyotangazwa Machi 24, inaingia yenyewe bila kuomba, mazao yale ni dola 20 zaidi kwa eka.

PPP, hela inayopita benki

Jina lake linataja mishahara ndio maana wakulima wengi waliipita, wakidhani ni ya wenye wafanyakazi. Mwaka jana hata aliyeomba peke yake walimpimia faida ya mwisho, na mkulima gani mdogo anaonyesha faida baada ya kutoa mbegu, chakula cha mifugo na mafuta? Alikuwa anapata sifuri. Sheria ya Desemba 27, 2020 ikabadilisha, sasa wanachukua mapato ghafi, mstari wa 9 wa Schedule F (ile fomu ya shamba kwenye ritani ya kodi), kabla ya gharama. Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote kwa mkulima mdogo na wengi hawajalisikia.

Wanapima nini? Kama huna wafanyakazi, chukua mstari wa 9 (usizidi 100,000), gawa kwa 12, zidisha mara 2.5. Yule mama wa dola 18,000 anapata dola 3,750, karibu mara mbili ya CFAP yake kwa mauzo yale yale. Mwisho ni dola 20,833. Na kama ulichukua mwaka jana kwa hesabu ya zamani na bado haujasamehewa unaweza kuomba uongezewe.

Inarudishwa? Kwa jina ni mkopo, riba asilimia 1, miaka 5. Lakini ukiitumia inavyotakiwa unasamehewa wote na riba yake, na kwa mkulima wa peke yake kutumia inavyotakiwa maana yake ni kujilipa mwenyewe kama mwenye shamba ndani ya kipindi cha kati ya wiki 8 na 24. Msamaha hauji wenyewe, lazima uombe, kwa mikopo isiyozidi 150,000 fomu ni ukurasa mmoja. Usipoomba limebaki deni, nasema hivi kwa sababu nimeona watu wamekaa tu wakidhani wameshasamehewa. Kuhusu riba kwa mtazamo wa dini, wapo masheikh wanaoiona sawa kwa kuwa inafutwa na wapo wasiokubali kuusaini mkataba wenyewe, muulize wako kabla ya sahihi, mimi sina elimu ya kumwamulia mtu.

Unaenda wapi? Benki, chama cha kuweka na kukopa, au wakopeshaji wa jamii. Hapa ndipo penye tabu. Benki moja ilituambia wanahudumia wateja wao tu, nyingine ilikaa kimya mwezi mzima, ya tatu ndogo ya mtaani ilimaliza kwa siku 9. Kwa hiyo gonga zaidi ya moja lakini usiwe na mkopo wa PPP unaoendelea sehemu mbili. Mwombe akupigie hesabu ya mapato ghafi, sio ile ya zamani. Na mtu akikutaka umkatie asilimia ili akujazie, mkatalie, wakala wa PPP haruhusiwi kumtoza mwombaji, analipwa na mkopeshaji. Nimekutana na jamaa anayetuchaji sisi kwa sisi, tena msikitini na kanisani kote anaingia, inasikitisha.

Nani anaingia? Lazima ulikuwa unalima kabla au siku ya Februari 15, 2020, na uwe na Schedule F ya 2019 au 2020. Wa kuku wa mkataba hapa anaingia vizuri. Mwenye ITIN (namba ya kodi ya asiye na soshali), anayelipa kodi na yuko nchini kihalali, pia ameruhusiwa.

Tatizo letu kubwa ni Schedule F yenyewe. Mtu ana W-2 (karatasi ya mshahara) ya kiwandani, aliyemjazia kodi hakumuuliza kama analima, mauzo ya soko hayakuandikwa popote. Ritani ya 2020 mwisho wake umesogezwa mpaka Mei 17, kwa hiyo kama ulilima na ulikuwa hujaituma bado una nafasi ya kuijaza sawasawa, na benki inakubali Schedule F iliyojazwa hata kama ritani haijatumwa. Ukishatuma bila shamba, rekebisha kwa mjuzi wa kodi. Ila usitunge mauzo. Hii ni sahihi mbele ya serikali na wengine kati yetu bado tuna faili la uraia mezani.

Baadaye? Ukisamehewa, serikali kuu haikati kodi hiyo hela. Deadline ya kuomba ni Mei 31 lakini fungu linaweza kuisha kabla ya tarehe.

EIDL, mkopo wa SBA

Huu ni mkopo wa kweli, nauandikia kifupi kwa sababu hauna mafumbo. Riba asilimia 3.75, miaka 30, unaomba moja kwa moja kwenye tovuti ya SBA bila benki. Wakulima walikuwa nje mwanzoni, wakaingizwa Mei 2020. Mwisho wa kuomba ni Desemba 31 mwaka huu na kuanzia wiki ya Aprili 6 kiwango kimepandishwa kutoka 150,000 mpaka 500,000.

Wanapima nini? Hasara uliyopata na uwezo wako wa kulipa, pamoja na historia yako ya mikopo, na watataka ruhusa ya kuangalia ritani zako IRS. Lazima ulikuwa unafanya shughuli Januari 31, 2020. Hela ni ya kuendeshea, chakula cha mifugo, mbegu, kukodi ardhi, umeme, bili zilizorundikana, sio ya kununulia shamba jipya wala kupanua.

Baadaye? Waliosaini mwaka huu wanaanza kulipa baada ya miezi 18, riba inahesabika kuanzia mwanzo. Ukichukua 150,000 ni dola 731 kila mwezi, ukichukua 20,000 ni kama 97 au 98 hivi. Ukizidisha dola 25,000 wanaweka dhamana juu ya mali ya biashara, yaani trakta, mifugo, vifaa, na hapo fikiria sana, kwa sababu ukienda kesho FSA kuomba mkopo wa kulimia na wao watataka mifugo hiyo hiyo iwe dhamana. Chini ya 25,000 hakuna dhamana, na hapo ndipo naona unafaa kwa wadogo.

Kwa asiyechukua riba jibu liko wazi, huu sio wake. Lakini nisiusemee vibaya, kuna kaka alikuwa na deni la chakula cha mbuzi kwenye kadi ya benki kwa asilimia 24, akachukua EIDL ndogo kununulia chakula cha miezi iliyofuata, hela ya mauzo ikaenda kumaliza ile kadi, akapumua. Kwake ulikuwa mlango sahihi na CFAP ya dola 900 isingemfikisha popote.

Kwa hiyo wewe uanze wapi

Una Schedule F mkononi na ulikuwa unalima kabla ya Februari 2020: anza PPP wiki hii kwa sababu ndio yenye hela inayoweza kuisha, halafu piga simu FSA upate miadi. Usisubiri moja iishe ndio uanze nyingine.

Unauza kweli lakini hujawahi kujaza Schedule F: anza CFAP kama una risiti au daftari la 2019, na kwenye miadi ya kodi peleka daftari hilo hilo. Mauzo utakayowaambia USDA na utakayowaambia IRS yawe namba moja, usije ukawa na mkulima wa dola 15,000 ofisi hii na asiye mkulima ofisi ile.

Umeanza 2020 baada ya korona kuingia: PPP na EIDL hazikuhusu, nenda CFAP na mauzo yako ya 2020.

Una ng'ombe au kondoo wengi wa kuuza na mauzo ya 2019 yalikuwa madogo: CFAP itakufaa kuliko PPP maana inahesabu vichwa. Kama kundi lako karibu lote ni majike ya kuzaa, kinyume chake.

Unafuga kuku wa kampuni: PPP.

Unadaiwa, msimu umefika, huna mbegu wala chakula, na mshahara wa W-2 nyumbani upo wa kubeba dola 100 kwa mwezi: EIDL chini ya 25,000, huku ukiomba zile mbili pembeni. Kama mshahara haupo au shamba lenyewe huna uhakika utaendelea nalo, usijifunge miaka 30.

Mnalima kwa kikundi, kiwanja kimoja familia sita: kwanza kaeni mkubaliane nani alipanda nini na nani alipata nini, kwa maandishi. FSA inamlipa mwenye sehemu yake ya mazao, kwa hiyo kila familia inaweza kuomba kwa sehemu yake, ila mkiandika wote mauzo yale yale mtaitwa wote.

Siku ya miadi ya FSA shika kitambulisho, namba ya soshali, namba za akaunti ya benki, mkataba wa ardhi hata kama ni karatasi ya kanisa lililowakodisha, na daftari la mauzo. Wakipokea simu useme kwanza kabisa: nahitaji mkalimani wa Kiswahili.